Maandishi ya rangi kwenye ukuta wa chokaa: weka chini brashi ya waya

Mwenye nyumba wa Mji Mkongwe, Zanzibar, akiamka na kukuta jina la mtu limepulizwa kwa rangi nyeusi juu ya baraza yake, swali lake kwetu huwa ni dawa gani itaitoa. Sisi mafundi wa uhifadhi humuuliza kwanza: ukuta wako ni wa nini? Rangi ile ile ya kopo inayofutika kwenye kioo kwa dakika 5 inaweza kuacha kovu la miaka kwenye lipu ya chokaa.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Lipu hiyo imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Hunyonya unyevu na kuutoa, na ndiyo maana kuta zile zimeishi karne nzima na zaidi kando ya bahari. Rangi nayo huingia katika vitundu hivyo. Ukimwaga thina na kusugua kwa nguvu, rangi huyeyuka kweli, lakini huzama ndani zaidi. Herufi zilizokuwa na kingo safi hugeuka wingu la kijivu.

Kosa kubwa kuliko hilo ni asidi, ile ya kusafishia vyoo au maji ya betri. Chukua kipande cha lipu kilichobanduka chenyewe, ukikamulie ndimu. Utaona vipovu: ni chokaa inayoliwa. Ndimu ikifanya hivyo, fikiria asidi kali itafanya nini kwenye ukuta. Tena asidi ikikutana na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua mtu katika kichochoro chembamba. Brashi ya waya na mashine ya maji ya kuoshea magari nazo hung'oa ngozi ngumu ya nje ya lipu, na mvua ya masika ikija hukuta ukuta uko uchi.

Njia tunayoifuata sisi ni ya polepole. Wahi siku ile ile, maana rangi iliyokaa wiki imekwisha kukomaa. Piga picha. Jaribu mahali padogo pasipoonekana, kisha loweka ukuta kwa maji safi ili vitundu vijae. Changanya udongo mweupe laini, au karatasi za chooni zilizochanwachanwa, na kiyeyushi mpaka upate uji mzito: spiriti kwa wino wa maka, asetoni kwa rangi nyingi za kupuliza. Upake unene wa sentimita 1 hivi, ufunike kwa nailoni saa chache, kisha uufunue ukauke. Ukikauka huvuta rangi kuja nje, kinyume cha kusugua. Utarudia mara 2, pengine 4. Vaa glavu, usiwe na moto wala sigara karibu, na watoto wakae mbali.

Kivuli kikibaki, kipake chokaa nyepesi, tabaka baada ya tabaka. Usipake rangi ya plastiki, kwa sababu huziba vitundu. Unyevu na chumvi hukwama nyuma yake, na lipu hufura na kudondoka. Chokaa nayo haishiki vizuri juu ya rangi ya kupuliza, hivyo usiruke hatua ya kuitoa.

Kwenye kioo na vigae laini kazi ni nyepesi: maji ya sabuni na wembe ulioshikwa kwa kulala. Geti la chuma huishia kupakwa rangi upya, kwa kuwa thina huondoa rangi zote mbili pamoja. Ukuta wa matofali ya saruji huvumilia dawa ya kubandua rangi na brashi ngumu ya nailoni. Mlango wa nakshi usiuguse kwa msasa hata kidogo. Msasa hula kingo za maua yaliyochongwa kwa mkono, na hazirudi, mwite fundi.

Mchoro uliofanywa kwa mkaa au uliokwaruzwa kwa ncha ni habari nyingine. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, mabaharia Wareno walichora meli ukutani, na leo michoro hiyo ni hazina ya makumbusho. Magofu ya miji ya kale ya Gede, Kenya, na Songo Mnara, Tanzania, yana michoro ya vyombo vya bahari iliyokwaruzwa kwenye lipu na wenyeji wa zamani. Kwa hiyo ukibandua matabaka ya chokaa kuukuu ukaona tanga, mlingoti au maandishi ya Kiarabu chini yake, usivifute wala usivipake kitu. Funika sehemu hiyo kwa kitambaa kikavu na utujulishe siku hiyo hiyo.