Je, Wajua? Tairi za Ndege Hushuka Hata Haidroliki Ikifa

Haidroliki ya ndege, yaani mafuta yenye shinikizo yanayosukuma mitambo yake, ikifa angani, rubani atashusha tairi kwa nguvu gani?

Swali limebeba kosa ndani yake, na tulio wengi tumewahi kuliamini: kwamba mafuta ya haidroliki yakivuja, tairi zimekwama tumboni. Ukweli ni kwamba nguvu ya haidroliki inahitajika hasa wakati wa kupandisha. Ni kama ndoo kisimani: kuivuta juu kunataka misuli, kuirudisha chini kunataka kuachia kamba. Kwa kawaida haidroliki hushusha pia, lakini hapo inafanya kazi ambayo uzito wa mguu wenyewe, yaani nguzo inayobeba tairi, ungeifanya.

Na hata safarini, si mafuta yanayozishikilia tairi huko juu. Kila mguu umening'inia kwenye kulabu ya chuma. Airbus A320 ikizidi takriban kilomita 480 kwa saa, vali moja hukata kabisa mafuta yanayokwenda kwenye magurudumu. Abiria wanakula, wanalala, na miguu yote mitatu imebebwa na kulabu tu.

Kwa hiyo dharura yenyewe ni kufungua kulabu. Kwenye Boeing 737 kuna kifuniko sakafuni nyuma ya kiti cha rubani msaidizi, na chini yake vishikio vitatu: cha pua, cha kushoto na cha kulia. Kila kimoja huvutwa hadi mwisho, na waya wake unafungua kulabu ya mguu wake. Kwenye A320 ni mkono wa kuzungusha, uliokunjwa kati ya marubani wawili, nao huzungushwa mara tatu kuelekea mwendo wa saa. Mizunguko hiyo hukata haidroliki, hufungua milango, kisha huachia kulabu. Lazima ufike mwisho, mpaka mkono ugome. Ukiishia njiani huenda mlango umefunguka na kulabu bado imeshika. Kasi nayo isizidi kama kilomita 370 kwa saa.

Mguu wa pua hukunjwa kuelekea mbele, kwa hiyo ukiachiwa huanguka kurudi nyuma, na upepo wa mwendo unausukuma mpaka ujifunge. Miguu mikubwa huanguka kwa ubavu, upepo hauisaidii, hivyo imewekewa springi.

Springi hizo zina kazi ya maana, kwa sababu kushuka si sawa na kujifunga. Simama wima, magoti yamenyooka: unaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kuchoka sana. Mwenzako akikugusa nyuma ya goti, unaporomoka. Tegemeo la mguu wa ndege lina goti kama hilo. Au tazama meza ya kukunja: kile chuma cha katikati ukikisukuma kipite kidogo mstari ulionyooka, kinalia "ta!", na hata ukiegemea meza kwa uzito wako wote haikunjiki. Springi ndiyo inayolipitisha goti la ndege kwenye mstari huo na kulizuia lisirudi. Likibaki nyuma ya mstari kwa kipande kidogo tu, mguu unaonekana umesimama lakini utakunjika ukigusa lami. Ndiyo maana ndege ikipita chini karibu na mnara wa kuongozea ndege ili ikaguliwe kwa macho, anayetazama anaweza kusema tairi zipo nje. Lakini akisema zimejifunga, kwa umbali ule ni vigumu kumwamini.

Njia hii ina gharama. Kwenye A320 milango hubaki wazi, usukani wa gurudumu la pua unapotea, na tairi hazipandishwi tena, hivyo ndege ikishasimama huvutwa kwa trekta.

Mbona basi ndege nyingine hutua kwa tumbo? Tarehe 1 Novemba 2011, Boeing 767 ya LOT, shirika la ndege la Poland, iliyotoka Newark, Marekani, ilitua Warsaw bila tairi, ikiwa na watu 231, na wote wakatoka salama. Hozi ya haidroliki ilikuwa imepasuka mapema safarini. Lakini kwenye 767, wakati wa dharura kulabu hufunguliwa kwa mota ya umeme, na sakiti breka moja (swichi ya usalama ya umeme) inayolisha njia hiyo ilikuwa imeruka, yaani imekata umeme. Ndege iliponyanyuliwa kutoka kwenye lami na breka hiyo kurudishwa, miguu ilishuka na kujifunga.

Kisa cha Portland, Marekani, tarehe 28 Desemba 1978, ni kinyume chake, na kinauma zaidi. Kwenye DC-8, ndege ya shirika la United, fimbo ya silinda ya mguu wa kulia ilikuwa imeliwa na kutu ikakatika. Mguu ukaanguka kwa kishindo, ukajifunga vizuri, ila kishindo kikaharibu swichi ya taa inayowajulisha marubani kwamba umejifunga. Taa haikuwaka. Marubani walizunguka karibu saa nzima wakijiandaa kwa mabaya, mpaka mafuta ya kuendeshea injini yakaisha, ndege ikaanguka na watu 10 wakafa. Juu ya mabawa kulikuwa na vijiti vidogo vinavyochomoza miguu ikishajifunga. Mhandisi wa ndege alivitazama, na vyote viwili vilikuwa vimechomoza.