Acheni kumpigia kelele marka, nusu ya uwanja tunaiachia kwa makusudi

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena. Tuko ufukweni hapa Bagamoyo, maji yamekupwa, mchanga mgumu kama sakafu, tizi la ultimate frisbee, mchezo wa kurushiana diski, limenoga, mara mmoja wa wazee wanaosubiri ngalawa za samaki akasogea kwenye laini akaanza, "Mbane! Mbane huyo! We mwanangu mbona unamwachia upande mzima?" Mzee mwenyewe sina ugomvi naye, nikifika namwamkia na utani tunataniana. Tatizo ni kwamba marka wangu (marka ni mlinzi anayemkabili mwenye diski), binti niliyekaa naye miezi minne nikimfundisha kusimama, alimsikiliza. Akaacha fosi, yaani ule upande aliopangiwa kuufunga, akaenda kusimama uso kwa uso na mrushaji, mikono kaitanua kama golikipa wa penalti, karuka kushoto, diski ikapita kulia, goli. Afu akageuka akamfokea mwenzie aliyekuwa nyuma.

Sa nimechoka. Hii imani kwamba kazi ya marka ni kumzuia mrushaji asirushe kabisa nimeisikia kwa makocha wa mpira wa miguu, kwa wanafunzi, hata kwa mgeni mmoja aliyeniapia kwamba kwao kacheza miaka mitatu. Naandika leo mara moja, nikiulizwa tena natuma linki.

Kwa asiyejua kabisa, haraka haraka. Mchezo ulianzishwa 1968 na wanafunzi wa Columbia High School, Maplewood, huko New Jersey Marekani. Diski ni ya gramu 175. Kwenye nyasi ni saba kwa saba, uwanja mita 100 kwa 37, kwenye mchanga ni watano kwa watano, mita 75 kwa 25, na mita 15 za kila mwisho ndo sehemu ya kufungia, ukidakia humo umefunga. Ukiwa na diski hukimbii, unakita mguu mmoja na kuuzungukia. Diski ikianguka, ikitoka au ikidakwa na mpinzani, imehama. Refa hakuna, hata kwenye mashindano ya dunia wachezaji wanaitana faulo wenyewe na kuelewana wenyewe, na ndio, inawezekana, tena na Wabongo inawezekana. Basi, yatosha.

Turudi kwa marka. Akishafika ndani ya mita 3 anaanza kuhesabu stoli, sekunde 10, ikifika kumi diski bado iko mkononi ni ya kwetu. Hiyo hesabu ndo silaha yake. Watu wanaiona mikono inavyoruka ruka wanadhani mikono ndo ulinzi, kumbe mikono ni mbwembwe tu, kinachomuumiza mrushaji ni ile saba, nane inayosikika sikioni huku hajaona mtu wa kumpa.

Afu fikiria umbo lenyewe. Mrushaji kakita mguu, anaweza kupiga hatua ndefu kushoto akatoa bekihendi, ile ya mgongo wa mkono, au kulia akatoa fliki, ile ya kiganja mbele, chini karibu na mchanga au juu ya bega. We una mikono miwili, na sheria inakukataza kumkaribia zaidi ya upana wa diski moja, kama sentimita 27 hivi. Utakuwaje pote? Ukisimama katikati yake umelinda pua yake tu, kushoto kuko wazi na kulia kuko wazi. Kwa hiyo unachagua. Upande mmoja unaufunga kweli kweli, wa pili unampa, chukua baba, rusha.

Hiyo ndo fosi. Sisi hapa hatusemi kushoto na kulia kwa sababu mkigeukiana inakuwa vurugu, tunasema fosi bahari au fosi mnazi. Jumamosi ilikuwa fosi mnazi, maana yake marka anasimama upande wa bahari, mshazari, anaufunga upande wa bahari (huo ndo unaitwa breki) na upande wa minazi anauacha. Na hapa ndo pale mzee wangu na wenzie wote wanapopotea: wanamwangalia marka peke yake. Hawaangalii wale wanne wa nyuma. Wale wanne kila mmoja kasimama upande wa minazi wa mtu wake, kwa sababu kaambiwa diski itatokea huko, bahari hana habari nayo, kamwachia marka. Yaani ni mkataba. Mimi nafunga huku, nyie mnakaa kule. Marka akisogea katikati hata hatua moja ameuvunja mkataba na wenzie hawajui, kwa sababu wanaangalia watu wao, hawamwoni. Diski ikipita bahari, wote wanne wako upande mbaya kwa mpigo mmoja. Kosa la mtu mmoja linawakuta watu wanne.

Na kinachonishangaza, hao hao makocha wa mpira wanalijua hili! Beki wa kulia anapokutana na winga anafanyaje? Anamziba ndani, anampeleka kwenye laini. Hakuna anayepiga kelele "mbona unamwachia nje". Sa kwetu ni hivyo hivyo, ila zaidi, kwa sababu mwenye diski hawezi hata kukimbia.

Ngoja niseme kuhusu lawama maana ndo inavunja timu nyingi kuliko kufungwa. Sheria yetu ya tizi: diski ikipita upande wa fosi ikadakwa, marka hana deni, muulize mlinzi aliyeachwa na mtu wake. Ikipita upande wa breki, marka, hata kama mlinzi alikuwa mbali na kazubaa. Naitamka hivi kwa sauti kubwa na naandika mchangani kwa kijiti. Lakini niwe mkweli, siiamini asilimia mia. Kuna warushaji ambao hakuna marka wa kuwazuia, wanavunja kila mtu, yaani wanaipitisha diski upande wa breki, nikiwemo mimi, mara nyingi tu. Kwa hiyo swali la kweli siyo "umevunjwa au hujavunjwa", swali ni umevunjwa na diski ya aina gani. Ukimlazimisha arushe kwa juu, kwa kuzungusha mbali, diski inaelea elea, mlinzi wako wa nyuma anapata muda wa kugeuka na kuifuata. Umevunjwa, ndiyo, lakini umefanya kazi yako. Ukivunjwa na ile kali ya chini ya mkono, fupi, imenyooka, hapo nyamaza uombe radhi. Hii tofauti ukimweleza mtu anayeanza anachanganyikiwa, kwa hiyo miezi miwili ya kwanza namdanganya kwamba kila breki ni kosa lake. Sijui kama ni sawa.

Miguu. Marka anatumia miguu, anateleza hatua fupi fupi, uzito chini, anaifikia njia ya diski kwa mwili kabla ya mkono. Anayeegemea mbele na kunyoosha mkono anadanganyika kirahisi, feki moja ya bekihendi kashaenda zake, halafu fliki inapita pale alipokuwa. Nawaambia watazame kiuno cha mrushaji, wasitazame diski. Wengine wanafundisha diski. Miaka yote nafundisha kiuno na mimi mwenyewe nikidanganywa nadanganywa na kiuno, basi fanya utakavyoona.

Na ili mzee asije akasema nimemwonea, kuna wakati marka anasimama katikati kwa makusudi. Mrushaji ana upepo mgongoni, kuna mwenzie mmoja anatoka nduki kuelekea kwenye eneo la kufungia, hapo kinachoniogopesha ni ile ndefu, siyo pasi fupi ya pembeni. Wa nyuma anapiga kelele "Kati!", marka anasimama kati sekunde mbili, hatari ikipita anarudi kwenye fosi. Kwa hiyo "mbane" siyo ujinga siku zote, ni ujinga ikisemwa na mtu asiyejua nyuma kuna nini.

Upande wa kushambulia nitakwenda mbio kidogo kwa sababu ukishaelewa fosi, mashambulizi ni kuigeuza tu hiyo shati ndani nje. Wanaoanza wote wanafanya kitu kimoja, diski ikishikwa wote wanne wanaikimbilia, nipe nipe nipe, kama dagaa wameona karabai. Walinzi wao wanakuja nao, sasa kuna watu kumi kwenye mita tano za mraba na uwanja wote uko mtupu. Staki ndo dawa, wengine wajipange foleni katikati ya uwanja watulie, mmoja akate. Akate kweli, hatua tatu kwenda mbali kisha ageuke aje, au kinyume chake. Akinyimwa, atoke, arudi nyuma ya foleni kwa mbio zile zile alizokujia. Hii ya kutoka hakuna anayeipenda kwa sababu haipigiwi makofi, mtu kanyimwa diski anasimama pale pale ananuna, na kasimama kwenye nafasi ambayo mwenzie anaitaka. Kutoka ni kazi. Mimi nikiwa natafuta mchezaji nawaangalia wakati hawajapewa.

Halafu dampo. Jina lenyewe limetuponza, mwambie kijana wa Bagamoyo "we leo ni dampo" uone atakavyokutazama, anadhani unamwita lundo la taka la manispaa. Lakini huyo anayekaa nyuma au pembeni ya mrushaji kuipokea diski pale mambo yanapokwama ndo mtu muhimu kuliko wote, kwa sababu ukiirudisha kwake, yeye akaivusha haraka upande wa pili, umeifikia breki bila kumvunja marka yeyote. Umezunguka nyumba umeingilia mlango wa uani. Walinzi wote wako minazini, diski iko bahari. Kosa ni kumtafuta dampo kwenye stoli ya tisa. Tafuta kwenye tano, sita, ukiwa bado na akili. Ukifika nane ukiwa unaangalia mbele bado unaomba Mungu, huchezi.

Zoni, yaani kulinda eneo badala ya kulinda mtu, nitasema mstari mmoja. Watatu mbele wawili nyuma, kwenye mchanga wenye upepo inafanya maajabu, bila upepo mnachoka bure, na kumbuka wa ndani ya mita 3 ni marka tu, wengine wakae mbali labda kama wana mtu wa kumlinda hapo.

Upepo sasa, na hapa nakiri hadharani. Wa pwani mnajua, kusi na kaskazi. Uwanja tunaupanga sambamba na maji, kwa hiyo kusi inapiga karibu kwa urefu wa uwanja, timu moja inacheza ikiwa na upepo mgongoni na nyingine usoni, mnabadilishana kila baada ya goli, hiyo ni rahisi kuifikiria: ukirusha dhidi ya upepo diski inapanda na kugeuka, ukirusha na upepo inazama mapema, basi mwenye upepo usoni acheze pasi fupi na mwenye upepo mgongoni atishie ndefu. Kaskazi ndo kichwa kinauma, inatoka baharini inakata uwanja kwa upana. Mimi kwenye kaskazi naita fosi mnazi, nawasukumia kwenye laini ya chini ya upepo, kwa sababu pasi zao zinasukumwa nje na wakitaka kuivusha diski kurudi katikati lazima wapambane na upepo, inaelea, tunaila. Nzuri sana kwenye maelezo. Lakini nina rafiki, tunacheza naye siku zote, yeye anaita fosi bahari kwenye kaskazi ile ile, anasema muache arushe dhidi ya upepo kuanzia pasi ya kwanza, kwa nini umsubiri mpaka afike kwenye laini? Nimefungwa na yeye akiita vile na nimemfunga mimi nikiita hivi. Kinyume chake pia. Kwa hiyo chagueni, ila wote watano mchague kitu kimoja, na mtu wa pembeni asiwabadilishie katikati ya pointi.

Yule binti nimempa tizi la mikono nyuma. Anashika mkono mmoja kwa mwingine mgongoni, anamarki kwa miguu tu, fosi mnazi, hesabu kwa sauti, mrushaji ana ruhusa ya kufeki anavyotaka. Siku ya kwanza kavunjwa kila mara. Juzi kavunjwa mara mbili kwenye kumi, na zote mbili zilikuwa za kuelea.

Jumamosi hii ni bamvua, maji yatakupwa mbali kwenye saa 4 asubuhi, tutapata upana wote wa mita 25 na nafasi inabaki. Mzee nimeshamwambia, kiti chake kitakuwa upande wa bahari, nyuma ya marka, aone kinachoonekana kutokea hapo. Kasema atakuja, ila kama samaki wakifika kwanza tusimsubiri.