Sanaa ya usimikaji, na filamu ya eksirei inaposhonwa kama kitambaa

Ukitoka chumba cha eksirei na ile bahasha kubwa, unaichomoa filamu na kuielekeza dirishani, hata kama hujui kuisoma. Mezani ni kipande cheusi tu. Mwanga ukipita nyuma yake, mbavu zinajitokeza. Hapo umeshaigusa maana ya sanaa ya usimikaji.

Kusimika ni kukita kitu mahali pake: mlingoti husimikwa, chifu husimikwa. Kazi ya usimikaji nayo huhesabu mahali kuwa sehemu yake, yaani dari, dirisha, kivuli kinachoanguka sakafuni, hata njia atakayopita mtazamaji. Unaingia ndani yake. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyeishi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba hadi vipatikane mashuka makubwa ya kumetameta. Mwaka 2023 alitundika mashuka ya namna hiyo katika ukumbi wa Turbine wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Shuka lile lile likihamia jumba jingine huweza kukunjwa na kuangushwa vingine kabisa.

Kudarizi juu ya filamu peke yake si usimikaji. Matthew Cox wa Philadelphia, Marekani, hudarizi kwa nyuzi za rangi juu ya picha za eksirei, na kazi zake ni picha za kutazamwa moja moja. Lakini shona filamu mia moja ziwe pazia, litundike katikati ya chumba chenye dirisha la mashariki, kisha rudi jioni: mifupa iliyong'aa asubuhi imefifia. Kwa maoni yangu hakuna malighafi inayoulazimisha usimikaji kama hii, kwa sababu bila mwanga nyuma yake haina picha.

Ushonaji wenyewe una kero zake. Filamu ni plastiki ya poliesta iliyopakwa jelatini yenye chembe za fedha, madini yale yale ya vito, ndiyo maana wako wanaonunua filamu kuukuu ili kuyachuja. Plastiki haizibi tundu la sindano kama kitambaa. Ukisogeza matundu karibu mno, inachanika kwenye mstari kama karatasi ya stempu. Afadhali kuyatoboa kwanza, kwa nafasi, ndipo upitishe uzi. Dawa ya klorini nayo huondoa utando wote, ukabaki na plastiki tupu, na wako wanaoitumia makusudi kufungua madirisha ndani ya picha.

Kona yenye jina la mgonjwa hukatwa kabla ya yote, ili asitambuliwe. Hata hivyo picha maarufu ya Wilhelm Röntgen, mgunduzi wa eksirei, ya mwaka 1895 ni ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, na kidoleni pete inaonekana wazi. Kwenye pazia la filamu pia kuna pete, skrubu, na vyuma vilivyounga mifupa. Mwenye nacho akipita hapo, huenda akakitambua chake.