Je, wajua kwa nini bia moja huitwa salama Barcelona lakini si New York?

Chukua chupa ya Daura, bia ya kampuni ya Damm ya Barcelona iliyoingia sokoni mwaka 2006. Kwao Hispania lebo yake inasema haina gluteni, na mwenye ugonjwa wa siliaki anajimiminia bila kuuliza mara mbili. Ivushe bahari hadi New York. Bia ni ileile na shayiri ni ileile, lakini sheria ya Marekani haikubali iitwe hivyo. Kinachoruhusiwa ni kueleza tu kwamba imetengenezwa kwa njia ya kuondoa gluteni. Utumbo wa mtu haubadiliki kwa kupanda ndege. Basi nani anasema kweli, Mhispania au Mmarekani?

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe, maana wengi huuchanganya na mzio au na tumbo la kujaa gesi. Katika siliaki, kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe. Mgonjwa akila gluteni, jina la jumla la protini zilizomo kwenye ngano, shayiri na rai, askari wa mwili huanza kuushambulia utumbo mdogo. Ndani ya utumbo huo kuna vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula, na vikishambuliwa hulala na kulika. Mtu anaharisha, anaishiwa damu, mifupa inadhoofika, mtoto anadumaa. Wengine hawasikii chochote huku utumbo ukizidi kuharibika. Kwa hiyo yule anayekuambia "mimi nilikunywa na sikudhurika" hajakuthibitishia kitu.

Duniani ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya 100. Kwetu huitwa ugonjwa wa Wazungu, na mgonjwa anaweza kutibiwa amiba na taifodi miaka nenda rudi. Lakini kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuripotiwa kinatoka barani Afrika: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, wakiwa nao. Dawa yake hadi leo ni moja, kuacha gluteni maisha yote. (Ukijishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa damu. Ukiiacha mapema, kipimo kinaweza kukosa cha kuona.)

Sasa bia. Bia nyingi za kiwandani huanzia kwenye kimea cha shayiri: punje hulowekwa, huachwa zichipue, hukaushwa, husagwa, kisha hutiwa maji ya moto ili wanga ugeuke sukari. Wabavaria waliifanya shayiri kuwa sheria mwaka 1516, na ladha ya bia tuliyoizoea imejengwa juu yake. Protini ya shayiri inayomdhuru mgonjwa inaitwa hordeini. Watu hudhani kuchacha kunaimaliza. Hapana. Chachu kazi yake ni kula sukari na kutoa kileo. Protini huzipita tu. Sehemu kubwa ya hordeini hubaki kwenye machicha, lakini inayoshuka na maji inatosha kumwangusha mgonjwa. Bia za ngano za Ujerumani, ambazo kisheria angalau nusu ya kimea chake lazima kiwe cha ngano, ndizo mbaya zaidi.

Kilichowapa Wahispania ujasiri ni kimeng'enya, aina ya protini inayokata vitu vingine vipande vipande. Protini za gluteni zimejaa prolini, kijenzi chenye umbo gumu ambacho vimeng'enya vya tumbo letu hushindwa kukikata. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kipande cha gluteni kinachopita tumboni na utumboni bila kukatika, na ndicho hasa kinachoichokoza kinga ya mwili. Ila kuna kuvu, Aspergillus niger, ambaye kimeng'enya chake hukata palepale penye prolini. Viwanda vya bia vilianza kukitumia kwa jambo jingine kabisa. Bia ikipoa sana huingia ukungu kama wa asubuhi, na ukungu ule hutokana na protini hizohizo za prolini kushikana na chembechembe za shayiri na za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Walitaka bia inayong'aa kwenye glasi. Bia iling'aa kweli, halafu wakapima gluteni wakaona imeshuka karibu na sifuri.

Hapo kwenye neno "wakapima" ndipo ugomvi ulipo. Kipimo cha kawaida cha gluteni hutumia kingamwili zinazokamata protini, na aina iliyoenea zaidi huhitaji kukishika kipande mahali pawili ndipo ikihesabu. Katika unga wa mkate hilo linafanya kazi vizuri. Kwenye bia protini zimekatwakatwa tayari, na vipande vifupi havina pa kushikwa mara mbili. Ni sawa na kutega wavu wa sangara ukatoka mtupu, ukatangaza kwamba ziwa halina dagaa. Kuna kipimo cha pili chenye matundu madogo, kinachoshika mahali pamoja tu, na viwanda vya Ulaya hutegemea hicho. Lakini kuona vipande ni kitu kimoja. Kujua vinadhuru kiasi gani ukivilinganisha na gluteni nzima ni kingine.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walijaribu njia tofauti. Badala ya kuuliza mashine, waliuliza damu: walichukua damu ya watu wenye siliaki wakaona kama kingamwili zao zinaitambua bia. Kwa bia iliyotengenezwa kwa nafaka zisizo na gluteni tangu mwanzo, hakuna kilichotokea. Kwa bia ya shayiri iliyotiwa kimeng'enya, damu ya wachache iliitikia. Walikuwa wachache kweli, na damu kuitikia si lazima utumbo uumie. Hata hivyo, mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilifunga mjadala kwa upande wake: kwa kuwa hakuna kipimo cha kuaminika kwa vyakula vilivyochachushwa, mtengenezaji athibitishe kwa kumbukumbu kwamba malighafi haikuwa na gluteni kabla ya kuchacha. Yaani tusipime chupa, tuangalie kilichoingia kwenye pipa.

Ulaya hupima chupa. Ikionyesha gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, inaitwa haina gluteni. Kiwango hicho ndicho cha kimataifa pia, na kwa mkate hakina neno. Lakini nani hunywa bia kidogo kama anavyokula vipande viwili vya mkate? Chupa ya nusu lita yenye miligramu 19 kwa kilo inakupa karibu miligramu 9.5. Chupa tano za Jumamosi zinakaribia miligramu 48, na utafiti wa Italia wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu zinaharibu utumbo. Bia nyingi zilizotiwa kimeng'enya husoma chini sana ya 20, nisizisingizie. Tatizo ni kwamba namba ile inatoka kwenye kipimo kile kisichotuambia vipande vinadhuru kiasi gani.

Australia ndio wakali kuliko wote: kinachoitwa hakina gluteni kisionekane na gluteni hata kidogo, na kisitengenezwe kwa kimea cha nafaka yenye gluteni. Mimi ningekuwa mgonjwa ningeifuata Australia, hata kama naishi Madrid.

Kwa mnunuzi aliye Ulaya, ujanja ni kugeuza chupa. Sheria ya huko inadai shayiri itajwe hata pale bia inapoitwa haina gluteni, kwa hiyo utakuta maneno yote mawili kwenye lebo moja. Ujerumani tafuta "Gerstenmalz", Ufaransa "malt d'orge", Hispania "malta de cebada", Uingereza "malted barley". Ukikuta mojawapo, hiyo kwa kawaida ni bia ya kimeng'enya. Zile zilizo safi tangu kwenye pipa hutaja mtama, uwele, mahindi au mchele peke yake: Redbridge ya Marekani ni ya mtama, Glutenberg ya Montreal hutumia uwele na mahindi.

Mtama! Hapo msomaji wa Kisumu au Dodoma anatabasamu, maana kwetu bia ya mtama si dawa ya wagonjwa, ni bia ya bei nafuu. Uganda walianza na Eagle Lager mwaka 2002, Kenya ina Senator iliyoanza 2004 na baadaye ikawa mteja mkubwa wa wakulima wa mtama. Protini ya mtama haiichokozi siliaki, hilo halina ubishi. Ila neno mtama mbele ya chupa halikuambii kwamba shayiri haimo, na sababu yake ni ya jikoni. Kimea cha shayiri ni hodari wa kugeuza wanga kuwa sukari. Cha mtama ni kizito kidogo. Mpishi wa bia akitaka kazi iende haraka, huongeza shayiri kiasi, au hununua vimeng'enya vya kiwandani. Nigeria walilazimika kujifunza njia ya pili mwaka 1988, serikali ilipopiga marufuku kuagiza shayiri kutoka nje na viwanda vikageukia mtama na mahindi. Kwa hiyo soma orodha ya viambato, na isipokuwepo waulize wenye kiwanda. Neno "malt" likiwa peke yake, bila kutaja nafaka, lichukulie kuwa shayiri.

Vilabuni mambo yamekaa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mbege ya Uchagani ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, pengine na magome ya msesewa yanayoleta uchungu pale ambapo Mzungu angetia hopsi. Komoni na busaa ni mahindi na kimea cha ulezi au mtama. Rubisi ya Kagera ni ndizi na mtama. Ulanzi wa Iringa hugemwa kwenye mianzi, tembo kwenye mnazi, na wanzuki ni ya asali. Ulanzi na tembo hazina nafaka kabisa. Kwa asili yake, yote hayo mgonjwa wa siliaki angeweza kunywa.

Hatari inaingilia mashineni. Mashine ileile inayosaga ulezi wa pombe imetoka kusaga unga wa lishe wa jirani, ambao wengi huutia ngano, na hakuna anayeifagia katikati. Kikombe cha unga wa ngano uliobaki kwenye mashine kinatosha kuharibu pipa zima. Anayetengeneza nyumbani kwa ajili ya mgonjwa asage kwa kinu, au apeleke asubuhi baada ya mahindi matupu kupita kwanza.

Wasiokunywa kileo nao wasijione wamepona. Vinywaji vya kimea visivyo na kileo, vile vya chupa nyeusi vinavyopendwa harusini na zile bia zisizo na kileo za Muscat na Dubai, kwa kawaida ni shayiri ileile; kilichoondolewa, au kilichozuiwa kutokea, ni kileo tu. Kinyume chake, wiski imetoka kwenye shayiri lakini imekenekwa: mvuke hupanda na kileo, protini inabaki chini ya chungu. Ndivyo ilivyo kwa jini na vodka, mradi hakuna kilichoongezwa baadaye. Mvinyo haina neno. Gongo na chang'aa sizipendekezi kwa yeyote, na sababu yangu haihusiani na gluteni.

Ukishapata bia yako, angalia na sahani. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa zimeshaoga unga wa ngano. Na ukiwa kilabuni, mbele ya mama mwenye mtungi, usimuulize kama pombe yake ina gluteni, atakushangaa. Muulize: "Shikamoo mama, kimea hiki mmeotesha nini, na mmesaga wapi?"