Mtalii aliyeko Thailand si lazima atoke ndipo apate viza ya wastaafu

Wengi wanaamini kwamba aliyeingia Thailand kwa viza ya utalii hana budi kutoka nje ya nchi na kuomba upya ubalozini ndipo aishi huko kama mstaafu. Njia hiyo ipo, ila si ya pekee. Mwenye miaka 50 au zaidi anaweza kuomba akiwa humo humo, katika ofisi ya uhamiaji ya eneo analoishi. Kwanza hupewa viza isiyo ya utalii ya siku 90. Kabla haijaisha, huomba kuongezewa mwaka mmoja kwa sababu ya kustaafu. Kinachowakwamisha wengi ni fedha: baht 800,000 katika benki ya Thailand, ziwe zimekaa miezi 2 kabla ya ombi la mwaka, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi.

Fungua pasipoti utazame muhuri wa kuingia. Tarehe iliyoandikwa pale penye neno “UNTIL” (hadi) ndiyo mwisho wa ukaaji wako, si ile ya kwenye viza. Ziwe zimebaki walau siku 15 unapopeleka ombi. Masharti yasome kwenye tovuti ya uhamiaji yenyewe, kisha uliza dirishani, maana nyaraka zinazodaiwa hutofautiana ofisi kwa ofisi. Tafadhali, usimlipe wakala kabla ya hapo.