Kifafa: povu haliambukizi, mvuteni mwenzenu motoni

Siku ya kliniki ya kifafa nikifungua bandeji huwa najua kabla sijauliza. Vidole vimeungua vikashikana, au nusu ya uso imebadilika. Naomba nielezwe, na maelezo ni yale yale: alikuwa anapika, akaanguka kwenye mafiga, watu walikuwepo. Walikuwepo! Walisimama pembeni wakisubiri povu likauke, ndipo wakamtoa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wagonjwa, ndugu zao, na siku nyingine hata wajumbe wa mtaa.

Kifafa ni nini?

Ni ugonjwa wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Umeme huo ukivurugika ghafla, mtu huanguka, hukakamaa na kutupa mikono na miguu. Wengine hawaanguki, hutumbua macho tu kwa sekunde chache na ukiwaita hawasikii. Hali hiyo ikijirudia bila sababu ya papo hapo, kama homa, ndipo tunaita kifafa. Degedege la mtoto mwenye homa si kifafa, ingawa naye ni wa kuwahishwa kituoni. Kifafa cha mimba kimeazima jina tu: hicho ni presha ya mjamzito, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kinaletwa na nini?

Ninaowaona mara nyingi ni waliochelewa kulia walipozaliwa, waliougua malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na waliopasuka kichwa kwenye bodaboda. Minyoo ya tegu wa nguruwe nayo imo, pale ambapo vyoo ni vibovu. Kwa wagonjwa wengi hatupati sababu kabisa. Huku kwetu Mahenge, mkoani Morogoro, watafiti wamekihusisha na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi na kupofusha macho, ndiyo maana nawasihi mmeze dawa ya usubi inapogawiwa kijijini.

Kumbe usubi unaenea! Basi na kifafa kinaambukiza?

Hapana. Usubi unaenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Mate ya mgonjwa hayahusiki.

Na lile povu?

Hapana. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa kwa sababu mtu hawezi kumeza wakati huo. Likiwa jekundu, amejing'ata ulimi.

Likinigusa kwenye kidonda?

Hapana. Nawa kwa maji na sabuni kama ambavyo ungenawa mate au damu ya mtu yeyote, uendelee na shughuli zako.

Samahani nesi, wanasema akijamba wakati ameanguka, anayesikia harufu anapata.

Usiombe samahani, hili ndilo linalowakimbiza watu kuliko yote na hakuna anayelisema mkutanoni. Hapana. Harufu itakukera, basi. Nimewashika wagonjwa wengi wakiwa katikati ya mtukutiko, wakiwa wamejisaidia, wakiwa na povu hadi shingoni. Sijaanguka hata siku moja.

Sahani moja, kikombe kimoja, kitanda kimoja?

Vyote ruhusa. Nikiingia nyumba nikakuta kikombe cha bati kimetundikwa peke yake, huwa nakiomba nikinywee maji.

Akianguka mbele yangu nifanye nini?

Kwanza kabisa, mtoe kwenye hatari: moto, maji, barabara. Mvute hapo hapo, povu likiwa linatoka. Binadamu anayeungua hasubiri. Kisha weka kanga au shati chini ya kichwa, legeza vilivyombana shingoni, angalia saa. Usimkandamize. Usimtie kijiko mdomoni, wala kijiti, wala kidole chako. Ulimi haumezwi, ila meno huvunjika. Usimpe maji wala dawa mpaka azinduke vizuri. Mtukutiko ukiacha, mlaze ubavu ili mate yatoke, na ukae naye. Mtukutiko wenyewe mara nyingi huchukua dakika moja hadi tatu.

Ukipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, au ni mara yake ya kwanza, au ni mjamzito, au ameumia, au ametolewa majini, hiyo ni hospitali. Msipitie kwanza kwa mtu yeyote.

Ameungua? Maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno iacheni kwenye meno.

Kwa mganga je? Kwa maombi?

Kusali simkatazi mtu. Ameze dawa kabla ya kwenda, ameze na akirudi. Anayekwambia utupe vidonge ili upone anakuua.

Sisi tumemtengea chumba cha uani kwa usalama wake. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Mtu anayelala peke yake uani huanguka usiku kifudifudi na hakuna wa kumgeuza. Hakuna anayemkumbusha kidonge cha jioni. Hakuna anayehesabu ameanguka mara ngapi, kwa hiyo akija kliniki (kama analetwa) nakuwa napapasa gizani, sijui niongeze dozi au niache. Halafu kuna kile kisichoonekana kwenye ngozi: hatumwi dukani, haitwi msibani, hapewi jembe wala mtaji. Kijana wa miaka 20 anashinda akitazama ukuta. Akiacha kula mnasema kifafa kimemlegeza, wakati amekata tamaa, na hilo nalo ni ugonjwa wenye tiba. Wapo wanaofikia kujidhuru.

Si jambo geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa hapa Mahenge. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wanakula peke yao, makovu ya moto mwili mzima. Fenobabitoni aliyowapa ni ile ile tunayotoa leo, kidonge cha bei ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Lakini kidonge hakijipeleki mdomoni. Wanaofanya vizuri kliniki kwangu karibu wote wana mtu: dada, mume, jirani, hata mwenye genge anayejua saa ya dawa.

Kwa hiyo alale na wenzake, kwenye mkeka au kitanda kifupi. Alime, afuge, auze. Asipande minazi, asiogelee wala kuvua peke yake, asiendeshe bodaboda mpaka daktari aridhike. Jikoni mumpe kukatakata mboga, kupepeta mchele. Moto aushike mwingine, au jiko liinuliwe na kuzungushiwa udongo.

Mwalimu amesema mtoto abaki nyumbani mpaka apone.

Arudi shule, wewe umsindikize. Mwonyeshe mwalimu namna ya kumlaza ubavu, mbele ya darasa zima. Watoto hujifunza upesi kuliko sisi.

Anaweza kuolewa?

Ndiyo, na kuzaa. Aje kliniki kabla ya kushika mimba, kwani zipo dawa zinazomdhuru mtoto tumboni, tutabadilisha. Asiziache mwenyewe.

Ana miezi minane hajaanguka. Tuache dawa?

Hajaanguka kwa sababu anameza! Kuacha ghafla kunaweza kuleta mianguko mfululizo isiyokatika, na hiyo inaua. Akifikisha angalau miaka miwili bila kuanguka, daktari ataangalia kama anaweza kuzipunguza kidogo kidogo kwa miezi. Mpaka siku hiyo, vidonge vikibaki vya wiki moja, mlete yeye na daftari lake. Na aje na yule anayelala naye chumba kimoja, ndiye mwenye majibu ninayoyataka.