Volkano katika mikanda ya zamani: tunachokiona na kilichokuwepo

Dhana: Lava ya zamani ilikuwa na mbio.
Ukitazama mkanda wa filamu uliopigwa na watalii wa miaka ya 1920, watu wanatembea kama waliovamiwa na siafu, na lava nayo inatiririka kwa kasi ya kutisha. Ukweli ni kwamba kamera za nyumbani kwa kawaida zilipiga fremu (picha moja moja) 16 kwa sekunde. Mkanda huo ukionyeshwa kwa fremu 24, mwendo wa filamu za sauti, kila kitu huongezeka kasi mara moja na nusu. Watu tunawacheka kwa sababu twajua binadamu hutembeaje. Lava tunaiamini, kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kuiona. Kabla ya kukadiria mwendo wake, tazama kwanza miguu ya wapita njia.

Dhana: Lava inaonekana nyeusi, basi ilikuwa imeshapoa.
Si lazima. Filamu za othokromatiki, zilizotumika sana wakati ule, hazikuhisi rangi nyekundu. Wekundu uliomfanya mgeni arudi nyuma hatua mbili uliingia kwenye mkanda kama giza. Rangi ziliwafikia kwa urahisi wapigaji wa nyumbani ilipotoka Kodachrome, filamu ya rangi yenye upana wa milimita 16, mwaka 1935.

Dhana: Ni wanasayansi na majasiri tu waliofika huko.
Vesuvius, volkano ya Italia, ilikuwa na reli ya kuvutwa kwa kamba tangu 1880, hadi mlipuko wa 1944 ulipoiharibu. Kilauea, kule Hawaii, ilitiwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 1916, na ukingoni mwa kasoko palikuwa na hoteli. Ndiyo maana mikanda hii imejaa kofia, mikoba na shangazi wanaopunga mikono. Na tukumbuke kuwa rola ya filamu ya futi 100 ilikwisha kwa dakika nne hivi. Mimi ningependa shangazi wapungue.

Dhana: Ule unaotoka kwenye volkano ni moshi.
Sehemu kubwa ni mvuke wa maji, pamoja na gesi kama salfa dioksidi, na majivu pale yanapotoka.

Dhana: Hatari ilikuwa lava peke yake.
Mei 1924 Kilauea ililipuka na kurusha mawe makubwa. Mtu mmoja aliyekuwa amesogea karibu aliangukiwa, akafa.

Dhana: Mikanda ya zamani yote huwaka kama baruti.
Hiyo ni filamu ya naitreti, ya milimita 35. Ile ya milimita 16, iliyoanza 1923, ni ya asetati, aina nyingine ya plastiki, nayo haiwaki kirahisi. Tatizo lake ni kuoza. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, mkanda umeanza kuharibika: uhamishiwe kwenye dijitali mapema, na wakati unasubiri uwekwe mahali pa baridi na pakavu.